Kidonge Chenye Jina la Kuazima

Mwaka 1933 mji wa Kolwezi ulikuwa bado haujajengwa. Shaba ya Musonoi ilishajulikana, na reli ya kutoka pwani ya Angola ilikuwa imefika Katanga miaka miwili kabla, lakini kampuni ya Union Minière ilikuja kuujenga mji kwa ajili ya machimbo yake ya magharibi mwaka 1937, mji ambao leo umegawanyika katika komini mbili, Dilala na Manika. Mwaka huohuo wa 1933, huko Turnhout kaskazini mwa Ubelgiji, daktari mmoja aitwaye Constant Janssen alipata haki ya kusambaza dawa za kampuni ya Richter ya Hungaria katika nchi tatu: Ubelgiji, Uholanzi na Kongo ya Wabelgiji. Nani atawauzia dawa watu wa Kongo, na kwa jina gani kwenye chupa, ni jambo lililoamuliwa mbali na watu hao, kabla Dilala haijapata hata mtaa wake wa kwanza.

Mtoto wa daktari huyo, Paul, hakuridhika kuuza dawa zilizobuniwa na wengine. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 26, alianzisha maabara yake ndani ya kampuni ya baba yake. Njia yake ya kufanya kazi ilikuwa ya subira. Alichukua kemikali ambayo tayari inajulikana kuwa na nguvu mwilini, akabadilisha kipande kimoja cha umbo lake, akawapa panya, akatazama. Kisha akabadilisha kipande kingine, akawapa tena. Kila kemikali mpya ilipewa herufi R na namba yake, na namba zilipanda haraka.

Wakati huo wagonjwa wa akili walikuwa wameanza kupata dawa kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo, kilichokuwepo katika hospitali nyingi za dunia ni kufungia, kufunga kamba, kumwogesha mgonjwa maji baridi, kumshtua kwa umeme au kwa insulini. Desemba 1950 mkemia wa Kifaransa Paul Charpentier, wa kampuni ya Rhône-Poulenc, alitengeneza klorpromazini. Daktari wa upasuaji wa jeshi la majini, Henri Laborit, aliitumia kuwatuliza wagonjwa wa upasuaji na akaona kwamba inawaacha macho lakini bila hofu. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa wa hospitali ya Sainte-Anne, mjini Paris, na wodi zilizojaa kelele kwa miaka zikatulia. Asili ya dawa hiyo ni ya kushangaza: umbo lake lilitokana na fenothiazini, kiini cha rangi ya bluu ya methilini, rangi ya kutia nguo ambayo Heinrich Caro aliitengeneza Ujerumani mwaka 1876, na ambayo Paul Ehrlich aliijaribu dhidi ya malaria mwaka 1891.

Paul Janssen hakuwa akitafuta dawa ya wagonjwa wa akili. Alikuwa akitafuta dawa ya maumivu. Alianza na pethidini, ndugu wa mofini aliyetengenezwa maabara, akaanza kurefusha mkia wake. R951 ilikuwa na nguvu kuliko pethidini yenyewe. Aliporefusha mnyororo kwa kaboni moja zaidi akapata R1187, na hapo panya wakafanya jambo jipya. Kwanza walihangaika kama panya waliopewa mofini. Halafu, muda si mrefu baadaye, wakatulia tuli, kama panya waliopewa klorpromazini. Katika molekuli moja kulikuwa na tabia mbili. Wakemia wa Janssen wakaanza kuondoa ya kwanza na kuiongezea nguvu ya pili, na tarehe 11 Februari 1958 Bert Hermans akakamilisha kemikali namba R1625. Hiyo ndiyo haloperidoli.

Mambo yalikwenda mbio kwa kiwango ambacho leo kingewatisha wakaguzi. Mwaka huohuo wa 1958, huko Liège, madaktari Paul Divry, Jean Bobon na Jacqueline Collard walikuwa wameshawapa wagonjwa na kuandika matokeo. Oktoba 1959 Ubelgiji ilisajili dawa hiyo kwa jina la Haldol. Marekani ilisubiri hadi mwaka 1967.

Ni vizuri msomaji aijue dawa yenyewe, kwa sababu kisa kilichotokea baadaye Kongo kimo ndani ya kemia yake. Haloperidoli ni unga mweupe, au wenye unjano wa mbali. Huyeyuka kuwa kimiminika kwenye joto la nyuzi 150 hivi. Maji hayaipendi: lita nzima ya maji huchukua miligramu 14 hivi tu, na ndiyo sababu wanaotengeneza sindano yake huiyeyusha kwa asidi ya laktiki. Mwanga huiharibu, kwa hiyo chupa yake inapaswa kukaa gizani. Fomula yake ni C21H23ClFNO2, yaani molekuli yenye atomu moja ya klorini upande mmoja na atomu moja ya florini upande mwingine. Kwa kuwa inakwepa maji na kupenda mafuta, hupenya kwa urahisi kutoka kwenye damu hadi kwenye ubongo. Ikishaingia haitoki upesi. Kwa mtu mzima huchukua saa kati ya 14 na 37 hivi kupungua nusu.

Na ni kali sana. Miligramu 2 za haloperidoli hufanya kazi inayolingana na miligramu 100 za klorpromazini. Mtu mzima huanzishiwa miligramu chache kwa siku. Mtoto wa miaka 3 hadi 12 huanzishiwa nusu ya miligramu.

Kwa miaka mitano hakuna aliyejua kwa hakika inafanya nini huko ubongoni. Mwaka 1963 Arvid Carlsson na Margit Lindqvist, nchini Sweden, waliwapa panya klorpromazini na haloperidoli, wakaona dalili kwamba dawa hizi zinaziba milango ambayo dopamini hupitia kupeleka ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine. Carlsson alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa kazi yake juu ya dopamini. Pale dopamini inapozidi katika njia fulani za ubongo, mtu husikia sauti zisizokuwepo na kuamini kwamba jirani anamfuata kumuua. Haloperidoli hufunga milango hiyo na sauti hupungua. Lakini dopamini ina kazi nyingine: ndiyo inayosawazisha mwendo wa misuli, ikishindana na kemikali nyingine, asetilikolini. Ukiifunga dopamini kupita kiasi, asetilikolini hubaki bila mpinzani, na misuli hukaza yenyewe.

Hapo ndipo hatari yake kubwa ya siku za mwanzo inapotokea, nayo huitwa distonia ya ghafla. Shingo hupinda upande mmoja au hurudi nyuma. Taya hufunga au hubaki wazi. Ulimi hutoka nje. Macho hupanda juu na kukwama huko. Mgongo hujikunja kama upinde. Akili ya mgonjwa iko sawa kabisa wakati yote haya yanatokea. Anasikia, anaelewa, anaogopa, ila mwili haumtii. Hutokea saa chache au siku chache baada ya dozi, na vijana na watoto huipata zaidi ya wazee. Mara chache misuli ya koo hukaza na kuziba pumzi, na hapo mtu anaweza kufa.

Tiba yake ipo na ni ya bei nafuu. Biperideni au difenihidramini, kwa sindano, huiondoa distonia ndani ya dakika. Daktari aliyeiona mara moja haisahau.

Kuna hatari nyingine zinazokuja taratibu au kwa nadra. Delay na wenzake walieleza mwaka 1960 ugonjwa wa homa kali, ukakamavu wa mwili na kuchanganyikiwa unaoweza kuua mgonjwa anayetumia dawa hizi. Wanaozitumia miaka mingi wanaweza kubaki na mdomo na ulimi unaochezacheza bila kukoma, hata baada ya kuacha. Moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo yake, hasa dawa ikiingizwa kwenye mshipa kwa kiasi kikubwa. Na katika Umoja wa Kisovyeti watu waliopinga serikali walifungiwa hospitalini na kudungwa haloperidoli ili wanyamaze. Mwanahisabati Leonid Plyushch, aliyeachiliwa mwaka 1976, aliusimulia ulimwengu yaliyompata. Dawa ile iliyowafungua wagonjwa wa Liège ilitumika kuwafunga watu wazima wenye akili timamu. Tofauti ilikuwa ni nani ameishika, na amemwambia nini anayeimeza.

Wakati haloperidoli inatoka maabara, Kolwezi ilikuwa mji wa kampuni kwa kila maana. Union Minière ilijenga nyumba, shule na hospitali, na dawa zilimfikia mfanyakazi na familia yake kupitia stoo ya kampuni. Mfumo huo ulikuwa wa kikoloni, wa kibaguzi, uliomhesabu mchimbaji kama nguvu ya kazi. Haufai kusifiwa. Lakini njia ya dawa ilikuwa fupi: kutoka meli, kwa reli, hadi stoo moja, hadi mkononi mwa muuguzi. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, Katanga ikajitenga siku 11 baadaye, na Kolwezi ikawa ngome ya mwisho ya Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga hiyo iliyojitenga, hadi askari wa Umoja wa Mataifa walipoingia Januari 1963. Mwaka 1967 serikali ilitaifisha machimbo, na kampuni ikaja kuitwa Gécamines. Hospitali ziliendelea chini ya jina jipya. Vita vya Mei 1978 viliutikisa mji, ila Gécamines iliendelea kuwa baba na mama.

Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka, na Gécamines ikaanguka nao. Mishahara ilichelewa miezi, kisha miaka. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Watu waliingia kuchimba kwa mikono, na wageni wakamiminika kutoka kila upande. Njia ya dawa nayo ilivunjika vipande. Leo dawa hufika Dilala kwa malori kutoka Lubumbashi na kutoka mpaka wa Kasumbalesa, hupita kwa wauzaji wa jumla, na kuishia katika farmasi nyingi za mitaani. Nyingine zina mfamasia. Nyingine zina kijana na kaunta tu. Vidonge huhesabiwa kutoka kopo kubwa na kutiwa kwenye karatasi au kifuko kisicho na jina, kwa sababu mnunuzi ana fedha ya vidonge vinne.

Kopo kubwa ndilo linalotupeleka Ituri.

Desemba 2014, zaidi ya kilomita 1,400 kaskazini mashariki mwa Kolwezi, wahudumu wa afya wa eneo la Rethy, katika milima ya Djugu, walianza kupokea wagonjwa wenye shingo zilizokakamaa. Watoto wadogo walikuwa wengi miongoni mwao. Vichwa vimerudi nyuma, ndimi nje, macho juu. Katika sehemu hiyo ya Afrika, mtoto mwenye homa na shingo ngumu humfanya kila muuguzi afikirie jambo moja, nalo ni homa ya uti wa mgongo. Hakuna anayeweza kuwalaumu. Ndivyo walivyofundishwa, na kwa kawaida fikira hiyo huokoa maisha. Serikali iliomba msaada, na Madaktari Wasio na Mipaka, shirika linalojulikana kwa herufi MSF, wakafika. Maji ya uti wa mgongo yalitolewa na kupimwa. Vijidudu vilivyotafutwa havikuonekana. Wagonjwa wakaendelea kuja, mwezi baada ya mwezi.

Ilikuwa ajabu ya ugonjwa. Haukuambukiza kama mlipuko unavyoambukiza. Ulikuja na kuondoka, ukarudi kwa mtu yuleyule. Wengi walipona baada ya siku chache bila dawa yoyote ya kuua vijidudu kuwa imewasaidia. Walipopewa biperideni, misuli ililegea. Kwa mtu anayeijua haloperidoli, jibu hilo lilitosha kuonyesha njia: hawa hawaumwi ugonjwa wa kuambukiza, hawa wamemeza kitu.

Lakini wamemeza nini? Hakuna aliyekuwa amewapa watoto wa Rethy dawa ya magonjwa ya akili. Walichokuwa wamepewa wengi wao ni diazepamu.

Diazepamu ni dawa ya zama zilezile. Leo Sternbach aliitengeneza katika kampuni ya Hoffmann-La Roche, na iliingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium. Inalegeza misuli, inazuia degedege, inaleta usingizi. Katika vituo vingi vya afya vya Kongo hutolewa kwa degedege, kwa wasiwasi, kwa kukosa usingizi, na mara nyingi kwa sababu tu mgonjwa hatulii. Hapa ndipo ubaya wa jambo hili unapozidi. Muuguzi anayemwona mtoto amekakamaa na macho yamepanda juu hufikiria degedege, na dawa ya degedege iliyo mkononi mwake ni diazepamu. Anafungua kopo lilelile. Anampa kidonge kingine. Kwa nia njema kabisa anaongeza kile kinachomkakamaza mtoto.

Vidonge vilipelekwa maabara, pamoja na mkojo wa wagonjwa. Katika vyote haloperidoli ilionekana. Vidonge vilivyoandikwa kuwa diazepamu havikuwa na diazepamu. Vilikuwa na haloperidoli kati ya miligramu 10 na 20 kila kimoja. Rudi kwenye hesabu ya mtoto aliyepaswa kuanza na nusu ya miligramu kwa siku, kama angekuwa na ugonjwa wa akili hata kidogo. Kidonge kimoja kilikuwa dozi yake mara 20, au mara 40.

Julai 2015 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa tahadhari kwa nchi za Afrika ya Kati. Lilieleza vidonge vidogo vya njano hafifu, vilivyotoka kwenye makopo makubwa yenye lebo ya diazepamu. Kufikia Agosti, zaidi ya watu 900 walikuwa wamehesabiwa katika mlipuko huo. Watu 11 walikufa.

Mtu anaweza kuuliza, wauguzi hawakuona tofauti? Hawangeweza. Kidonge kidogo cha miligramu 5 au 10 kina dawa kidogo sana ndani yake. Sehemu kubwa ya uzito wake ni wanga au laktosi, vitu visivyo na kazi nyingine ila kukipa umbo. Diazepamu nayo ni unga mweupe wenye unjano wa mbali, nayo haipendi maji. Ukivisaga vyote viwili na kuviweka kwenye kiganja, jicho halitasema lolote. Kitu pekee kilichokuwa kinamwambia muuguzi wa Rethy ni dawa gani ameshika ni maandishi ya kwenye kopo, na maandishi yalidanganya.

Mwaka huohuo wa 2015 Lualaba ilifanywa jimbo, na Kolwezi ikawa makao yake makuu. Ituri iko mbali, na hakuna sababu ya kudai kwamba vidonge vile vilifika Dilala. Sababu ya kisa hiki kuwahusu watu wa Lualaba ni kwamba hali zote zilizokiwezesha zipo hapa pia: kopo kubwa lisilo na njia ya kulifuatilia, mpaka wenye pilikapilika, muuzaji asiye na mafunzo, mgonjwa anayenunua vidonge vya kuhesabu. WHO lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kumi ya dawa ni hafifu au bandia. Dilala haina kinga ya pekee dhidi ya hesabu hiyo.

Nayo Kolwezi ni mahali ambapo watu wanaelewa kupima kuliko wengi. Nenda Musompo, kwenye soko la madini lililo kando ya barabara ya kwenda Likasi. Hakuna mnunuzi anayechukua gunia la kobalti kwa kuamini neno la mchimbaji. Hulipima kwa kifaa cha mkononi ambacho kila mtu pale anakiita Metorex, asilimia hutokea kwenye kioo, na bei hufuata. Wachimbaji wamelalamika kwa miaka kwamba vifaa hivyo huwapunja, na malalamiko yao yana uzito. Hata hivyo kanuni yenyewe hakuna anayeipinga, si mchimbaji wala mnunuzi: jiwe halilipwi kwa jina lake. Kidonge anachomeza mtoto wa mchimbaji huyo, nacho, kinalipwa kwa jina lake tu.

Kifaa cha Musompo chenyewe kisingesaidia. Kinarusha miale ya eksirei na kusoma elementi zilizomo, na kinafaa kwa shaba na kobalti kwa sababu hizo ni elementi nzito. Haloperidoli na diazepamu zote zina kaboni, hidrojeni, naitrojeni, oksijeni na klorini. Elementi ambayo moja inayo na nyingine haina ni florini, nayo ni nyepesi mno kwa kifaa kama hicho kuiona. Kwa vidonge kuna njia nyingine, na si ya gharama kubwa. Shirika la GPHF la Ujerumani lilibuni sanduku la vipimo liitwalo Minilab, linalobebeka, na limeshatumika mashariki ya Kongo, ikiwemo Bukavu. Kidonge husagwa, huyeyushwa, tone lake huwekwa karibu na ukingo wa chini wa kibao chenye utando mwembamba wa silika, kando ya tone la dawa halisi inayojulikana. Kibao husimamishwa ndani ya kimiminika, kimiminika hupanda, na kila kemikali hupanda nacho hadi kimo chake. Chini ya taa ya miale ya urujuanimno madoa huonekana. Kama doa la kidonge halilingani na doa la dawa halisi, kidonge si kile kinachodaiwa. Kopo moja kutoka Rethy, lingepimwa hivyo siku lilipofika, lingejulikana kabla ya mtoto wa kwanza kukakamaa.

Kongo imechukua hatua. Mwaka 2020 iliunda ACOREP, mamlaka ya kusimamia dawa, kuchukua nafasi ya idara ya zamani ya wizara. Lubumbashi ina CAMELU, ghala la dawa muhimu linalohudumia vituo vya afya vya Katanga ya zamani. Kituo cha afya kinachonunua CAMELU kina karatasi zinazoonyesha dawa ilikotoka. Farmasi inayonunua kwenye lori haina. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuwa swali la kwanza la kila mkaguzi anayetembea Dilala. Leseni ukutani inafuata baadaye.

Kisa cha Ituri kisije kikawafanya watu waiogope haloperidoli yenyewe. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977, na bado imo. Katika kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, Lubumbashi, na katika kituo cha Sosame, Bukavu, vyote vya Shirika la Mabruda wa Upendo, dawa za aina hii huwarudisha watu kwa watoto wao. Ikiwa imetolewa na mtu anayeijua, kwa dozi inayofaa, na biperideni ikiwa karibu, hatari zake zinajulikana na zinazuilika. Familia yenye mgonjwa anayeimeza isiikatishe ghafla kwa kusikia habari za Rethy. Ikiona shingo imepinda au ulimi umetoka, impeleke mgonjwa kituoni upesi na kusema jina la dawa anayotumia.

Kwa wengine wote wa Dilala, na wa miji mingine inayonunua dawa kwa kuhesabu, ombi ni dogo. Kabla ya kulipa, omba kuona kopo au boksi ambalo vidonge vinatoka: jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya kuisha. Andika jina kwenye karatasi unayofungiwa, au piga picha ya kopo kwa simu. Mtoto akikakamaa baada ya kumeza kidonge, usimpe kingine. Kichukue kidonge kilichobaki pamoja na karatasi yake, na umkabidhi daktari. Watoto wa Rethy walikakamaa kwa miezi kabla ya mtu kukipima kile walichomezeshwa.